Mtungi una gesi lakini moto unalegea alfajiri: nimepigwa au ni baridi?

#1 Mkinga Halisi
Wakuu salaam. Niko Makete, na mwezi wa saba wa huku mnausikia tu redioni: alfajiri majani yanakuwa meupe kwa barafu. Nina mtungi wa kilo 15 niliojaza wiki mbili na nusu zilizopita. Jioni unawaka safi, moto wa buluu. Alfajiri mama watoto akiinjika maharage upande mmoja na maji ya kuoga upande wa pili, nusu saa ya kwanza hakuna neno. Halafu moto unaanza kunyong'onyea, unakuwa kama wa kibatari, na baada ya saa moja na nusu hivi unazima. Saa sita mchana ukiwasha, unawaka kama hakuna kilichotokea.

Wa kwanza kumfikiria ni aliyeniuzia. Nikaubeba hadi kwa jamaa wa mahindi mwenye mzani. Kwenye kola ya mtungi wamepiga chapa uzito mtupu kilo 16.4. Mzani ukasoma 23.1. Kwa hiyo ndani kuna kilo 6.7 za kitu. Ni gesi au nimejaziwa maji? Na kama ni gesi, inakuwaje iwemo na igome kutoka?

#2 Dereva wa Fuso
Umepigwa mkuu. Maji hayo. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Majiko
#2 acha kukurupuka. Maji hayana saa. Yangekuwa ndiyo tatizo, mchana nao ungesumbua.

Mimi natengeneza majiko mwaka wa 11 huu. Chomoa mpira uuchungulie, utakuta uteute wa njano kama mafuta ya cherehani. Huo unatoka kwenye gesi, unajikusanya kwenye regyuleta, na baridi ikiwa kali unakuwa mzito, njia inabana. Badilisha regyuleta, kisha rudi hapa uniombee dua.

#4 Binti Pangani
Huku kwetu joto linatuua, hatuna kesi hizo. Ila swali la kizushi: mtungi wangu ukipika muda mrefu unatoka jasho. Ni kawaida au unavuja?

#5 Mkinga Halisi
#3 regyuleta ina miezi miwili.

#4 umenikumbusha kitu. Wangu nao unatoka jasho, na alfajiri ukipikiwa sana unashika ukungu mweupe kama chupa iliyotoka kwenye friji. Cha ajabu, ule ukungu unaishia kwenye mstari, chini kidogo ya katikati, umenyooka kama umepigwa rula. Juu ya mstari chuma kikavu kabisa.

#6 Mwalimu Chaki
Mkinga, huo mstari ndio mzani wako wa pili. Gesi imo, na hapo ndipo ilipofikia.

Ndani ya mtungi kuna vitu viwili: chini kimiminika kimetulia kama maji ndani ya ndoo, juu mvuke wake. Jikoni kinafika kile cha juu tu. Ukifungua koki, mvuke unapungua, na kimiminika kinachemka ili kuziba pengo. Kinachemka kweli, kama uji, ila hakina moto chini yake. Joto la kuchemkia kinajikopesha chenyewe, kisha kinadai kwa chuma, kisha chuma kinadai kwa hewa ya jikoni kwako. Chuma kinachogusana na kimiminika kinapoa, unyevu wa hewani unakigandia. Cha juu hakidaiwi kitu, kinabaki kikavu. #4, jasho la mtungi wako ni hilo hilo, ni maji ya hewani. Kuvuja unakupima kwa povu la sabuni kwenye maungio, siyo kwa kiberiti.

Sasa joto la nini? La kuvunja urafiki. Molekuli za propani na butani, ndizo gesi zilizomo mtungini, zinavutana, kwa mvutano dhaifu lakini upo, na kila inayotaka kuruka kuwa mvuke lazima ijichomoe kwa wenzake. Kilo moja ya gesi hii kugeuka mvuke inakula kama kilojuli 350 hadi 370. Maji yakichemka yanakula 2,257 kwa kilo, kwa kuwa yenyewe yanashikana kwa vifungo vya haidrojeni, na hivyo ni gundi ya daraja lingine.

Mvutano wa huku kwenye gesi unaitwa kani za London. Kila molekuli inapata kidogo kidogo kulingana na ukubwa wake. Tazama msururu: methani ina kaboni moja, inachemka nyuzi -161. Propani kaboni tatu, -42. Butani kaboni nne, -0.5. Pentani tano, 36. Heksani sita, 69, na hiyo utaikuta ndani ya petroli. Endelea hadi kaboni ishirini na kitu, unapata mshumaa mezani. Viungo ni vilevile, kaboni na haidrojeni. Kilichoongezeka ni urefu tu.

#7 Nyau Mweusi
Haba na haba hujaza mshumaa.

Ila mwalimu hizo kani za London zinafanyaje kazi Makete? Hatuna za kwetu?

#8 Kidato cha Sita
#7 😂 London hapo siyo jiji. Ni Fritz London, mwanafizikia Mjerumani, ndiye aliyeeleza mwaka 1930 kwa nini hata molekuli zisizo na chanya wala hasi zinavutana. Elektroni hazitulii, mara zimeegemea huku mara kule, na zikiegemea upande mmoja zinamwegemeza jirani naye. Kabla yake kulikuwa na Mholanzi van der Waals, tasnifu yake ya 1873 ndiyo iliyoingiza mvutano huo kwenye hesabu za gesi. Alipata Nobeli 1910.

Na nimrekebishe mwalimu kidogo, shikamoo. Siyo urefu tu, umbo nalo lina kesi. Butani ziko mbili: iliyonyooka, na yenye tawi inayoitwa isobutani. Idadi ya atomi ni ileile, lakini yenye tawi inachemka kama -12. Kama kuni: zilizonyooka zinapangika zinagusana mwanzo hadi mwisho, zenye matagaa zinaacha mianya.

#9 Mwalimu Chaki
Marahaba. Umenishika, na mfano wako wa kuni nauchukua kesho darasani bila kukulipa.

#10 Mdau wa Kinangop
Sasa wadau. Huku kwetu Kinangop baridi ni ile ile. Mtungi ukianza kuzembea tunauweka kwa beseni ya maji ya uvuguvugu na unaamka saa hiyo hiyo. Hata meko ndogo ya kilo 6 inafanya hivyo. Mkinga hakuna mtu amekuibia, jaribu hiyo.

#11 Dereva wa Fuso
Maji ya nini? Mi nikiwa safari nausogeza karibu na jiko la mkaa dakika tano, unawaka kama mpya.

#12 Fundi Majiko
#11 mkuu wewe ni marehemu anayetembea. Mtungi hausogezwi motoni, iwe dakika tano au moja. Presha inapanda, valvu ya usalama ikifunguka karibu na kaa la moto, tutakusoma humu kwenye tanzia. Hata maji yanayochemka usimimine. Uvuguvugu, basi, maji ambayo mkono unaweza kukaa.

Na mwingine asije akaniambia anaulaza. Nilishaitwa nyumba moja, mama kaulaza mtungi ubavu eti gesi ya mwisho imwagike yote. Kimiminika kikaingia kwenye mpira badala ya mvuke. Moto ulitoka kwenye bana ukalamba dari. Bahati alikuwa mlangoni, akapoteza kope tu na kitambaa cha kichwa.

#13 Kidato cha Sita
#12 lazima iwe hivyo. Lita moja ya propani ikiwa kimiminika ikigeuka gesi inakuwa kama lita 270. Jiko limetengenezwa kupokea mvuke, wewe unalipelekea gesi mara mia mbili na zaidi kwa mpigo.

#14 Mkojani
Mimi nimesoma kimya, ila neno moja limenichekesha. Nyinyi mnastaajabu mtungi kupoa. Kwetu Pemba mtungi kazi yake ndiyo hiyo! Bibi alikuwa na mtungi wa udongo nyuma ya mlango wa uani, juu ya mchanga, kata imening'inia pembeni. Kwa nje mtungi ni rutuba tupu, ukiugusa kiganja kinalowa. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa upepo, yakikauka yanaondoka na joto. Maji ya ndani yalikuwa yanatia meno ganzi mwezi wa Ramadhani. Mtungi mpya usiotoka jasho bibi alikuwa anaurejesha kwa mfinyanzi, anasema "huu umeungua sana, haupumui".

Tofauti ni kwamba wa bibi jasho ni maji yake, linatoka ndani. Wa Mkinga jasho linatoka nje, wa ndani anachokausha ni gesi.

#15 Binti Pangani
#14 hii ndiyo sababu nalipia bando. Kumbe mtungi na mtungi.

#16 Mpima Ardhi
Samahani naharibu sherehe. Maelezo ya baridi nayakubali nusu. Makete iko juu ya mita 2,000. Presha ya hewa huko ni chini kidogo ya 0.8 ukichukulia ya pwani kuwa 1. Hewa ikilemea kidogo, kimiminika kinachemka kirahisi zaidi. Ndiyo maana maji huko yanachemka kwenye nyuzi kama 93 na maharage yanawatesa. Basi na butani nayo huko haichemki -0.5, inachemka kama -6 au -7. Mwinuko unamsaidia Mkinga, haumuumizi. Mtungi wake ulipaswa kuvumilia baridi kuliko wa mtu aliye usawa wa bahari.

#17 Mwalimu Chaki
Hilo kweli sikulipima. Nikae na kikokotoo.

#18 Nyau Mweusi
Nimeleta bisi. 🍿

#19 Mwalimu Chaki
Nimerudi. Bana mbili zikiwaka sana zinakula kama gramu 400 kwa saa. Kwa kilojuli 360 kwa kilo, hiyo ni kilojuli 144 kila saa zinazodaiwa. Mdaiwa ni nani? Chuma kilo 16.4, kila nyuzi inayoshuka kinatoa kilojuli 7.5 hivi. Kimiminika kilo 6.7, kinatoa kama 16. Jumla 23 na ushee. Kwa hiyo hewa ya jikoni isipochangia chochote, mtungi unashuka nyuzi 6 kwa saa. Saa moja na nusu ni nyuzi 9. Jikoni pakiwa nyuzi 4 alfajiri, mtungi unafika -5.

Sasa tazama maudhi: Mpima Ardhi anasema butani huko inachemka -6 au -7. Hesabu inaishia mlangoni! Kwa -5 ingekuwa bado inatoka, kwa kusuasua. Na hapo sijaweka propani hata tone, wala joto la hewa.

#20 Fundi Majiko
Mwalimu kuchemka tu hakutoshi. Regyuleta inataka gesi ije na msukumo, isipate kitu cha kunong'ona. Ikija legelege, haipiti vizuri. Kwa hiyo utazima kabla ya hapo ulipofika. Na mkiongeza uteute wangu wa #3 ambao wote mmeupuuza, ndiyo kabisa.

#21 Mkinga Halisi
#20 nimechungulia mpira. Uteute upo. Siyo mwingi, kama kijiko cha chai.

#22 Fundi Majiko
🙏 Nangoja radhi za wanajamvi mmoja mmoja.

#23 Mswahili Winnipeg
Mnisamehe nachelewa, huku ni usiku. Nimekulia Mwanza, sasa mwaka wa tisa niko Kanada. Huku kipupwe kinafika -30 na mitungi ya nje inawaka, kwa sababu ni propani, siyo mchanganyiko. Hata -30 propani bado inajisukuma, maana mchemko wake ni -42. Vikopo vya butani vya kwenda kambini ukivitoa nje msimu huo ni uzito wa bure kwenye begi. Vinakuwa kama vya maji, ukivitikisa vinasema chubwi chubwi na havitoi hata harufu.

Swali la kuuliza ni mtungi wa Mkinga una propani kiasi gani. Gesi ya nyumbani huko ni mchanganyiko, na wachanganyaji wanafikiria Dar ya nyuzi 30, hawaifikirii Makete.

#24 Kidato cha Sita
Na hapo ongeza jambo: mchanganyiko haubaki vilevile. Propani inavutana kidogo, ni nyepesi kutoka, kwa hiyo mvuke wa juu daima una propani nyingi kuliko kimiminika. Wiki ya kwanza umepikia propani zaidi. Unavyoelekea chini, ndani inabaki butani nzito. Mkinga amefika kilo 6.7 kati ya 15, nusu ya chini. Nabashiri mtungi ukiwa mpya haukuwa unazima.

#25 Mkinga Halisi
#24 kweli, wiki ya kwanza haukuzima. Lakini wiki ya kwanza pia baridi ilikuwa haijachachamaa. Na pia tulikuwa hatujaanza kuchemsha maji ya kuoga, mama mkwe alikuwa hajaja.

#26 Dereva wa Fuso
Tumempata mhalifu. Mama mkwe.

#27 Mdau wa Kinangop
😂😂 #26 wewe utakula fimbo.

#28 Bajaji ya Gesi
Wakuu mi naendesha bajaji ya gesi hapa Dar. Gesi yetu ya Songo Songo na Mtwara ipo tele, kwa nini wasituwekee hiyo kwenye mitungi ya nyumbani tuachane na mambo ya butani za kuagiza? Hiyo haigandi.

#29 Mwalimu Chaki
Hiyo ni methani karibu yote. Propani na butani ukizibana kidogo tu kwenye joto la chumbani zinakubali kuwa kimiminika, ndiyo maana kilo 15 zinaingia kwenye mtungi wa kubeba begani. Methani haikubali. Molekuli zake zinavutana kidogo mno, na juu ya nyuzi -82 hata uikandamize kwa mlima haigeuki. Kwa hiyo kwenye bajaji yako imebanwa ikiwa gesi, kwa presha kama ya hewa mara 200. Uliona unene wa lile tangi? Mama wa nyumbani hawezi kulibeba. Ya Songo Songo tangu 2004 inakuja Dar kwa bomba, na bomba ndiyo njia yake.

Mpaka huo wa joto aliyeuonyesha vizuri ni Thomas Andrews wa Belfast, 1869, kwa kaboni dayoksaidi. Yenyewe mpaka wake ni nyuzi 31.

#30 Bajaji ya Gesi
Kumbe nimekalia hewa mara 200. Asante mwalimu, leo naendesha taratibu.

#31 Binti Pangani
Na mimi niulize la jikoni. Dada yangu kaolewa Njombe, nilimpelekea mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe, kanipigia simu eti nimemtumia mafuta ya kujipaka, yameganda jiwe. Na yale ya alizeti dukani kwake yanamwagika kama maji. Nimfafanulie vipi?

#32 Kidato cha Sita
Kuni zangu za #8 tena! Mafuta ya nazi yana minyororo mingi iliyonyooka, inapangika, ikifika nyuzi 24 kushuka inashikana kuwa yabisi. Ya alizeti minyororo yake ina vikunjo, kama kuni zenye viwiko, haipangiki, kwa hiyo yanabaki maji hata kwenye baridi ya Njombe. Mwambie kuganda siyo kuharibika.

#33 Mkojani
Na mwambie kuyakamua ni kazi, asitukane mkono wa dada yake.

#34 Nyau Mweusi
Mbona hakuna aliyemtaja Mpemba? Uzi wa baridi wa Watanzania bila Mpemba?

#35 Mkojani
Nimo humu tangu #14.

#36 Nyau Mweusi
😂 Siyo wewe. Erasto Mpemba, yule wa Magamba Sekondari, 1963, mchanganyiko wake wa aiskrimu wa moto ukaganda kabla ya wa wenzake. Akaja kuandika na Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar, 1969.

#37 Mpima Ardhi
Na mpaka leo wanabishana. Kuna waliopima upya 2016 wakasema hawauoni. Wengine wanasema ni maji kukauka, wengine hewa iliyoyeyuka ndani, wengine vifungo vya haidrojeni. Tukimwingiza huyo hapa, Mkinga atakufa na njaa.

#38 Mkinga Halisi
Wakuu mrejesho. Juzi alfajiri nimeweka mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama alivyosema mdau wa Kinangop. Ukawaka hadi maharage yakaiva. Nikashangilia. Jana nikasema nijaribu bila beseni, nione. Nao ukawaka hadi mwisho! Sijabadilisha kitu, ila jana nilikuwa nimeutikisatikisa kwanza.

#39 Fundi Majiko
Kutikisa kunasaidia, hilo mafundi wote wanajua. Uteute unasogea.

#40 Mwalimu Chaki
Uteute uko kwenye regyuleta, fundi, yeye katikisa mtungi. Nadhani kimiminika kinarukia kile chuma kikavu cha juu chenye joto, kinapata mkopo mpya.

#41 Kidato cha Sita
Mkopo huo unaisha dakika chache tu, mwalimu. Hauwezi kufika saa moja na nusu.

#42 Mpima Ardhi
Au jana hakukuwa na baridi. Mkinga, usiku wa kuamkia jana kulikuwa na mawingu? Usiku wa mawingu huko barafu haishuki.

#43 Mkinga Halisi
Mawingu yalikuwepo, ndiyo. Kipimajoto sina.

#44 Binti Pangani
Weka bakuli la mafuta ya nazi dirishani.

#45 Mkinga Halisi
#44 dada, huku yataganda hadi mwezi wa kumi na mbili, hayatanieleza kitu. 😂

#46 Mpima Ardhi
Kisahani cha maji nje, mahali pasipo na paa. Kikiganda, usitikise mtungi, usiweke beseni, washa bana zote mbili kama kawaida na uangalie saa. Kisipoganda, jaribio halihesabiki, rudia keshokutwa.

#47 Mkinga Halisi
Kisahani nimeshakiweka juu ya pipa. Anga nyeupe, nyota zote nje. Maharage nimeyaloweka, na mama mkwe nimemwambia kesho maji ya kuoga yatachelewa.

#48 Dereva wa Fuso
Hilo la mama mkwe ndilo jaribio la hatari zaidi humu.